Filamu yetu ya mugoka: PG au 16? Tumegawanyika, naombeni mawazo kabla hatujafunga

Mkata_Picha

Wadau habari za sai. Mimi ndie edita wa filamu ya mradi wetu wa mwaka wa mwisho, tuko chuo hapa Mombasa. Ni fupi, dakika 18 hivi, inamhusu kijana wa gredi ya 9 anaeanza na mugoka (ile aina ya miraa, majani ya kutafuna) maskani halafu pole pole anaingia njia ya kakake ambae ni teja. Picha zishapigwa zote, sauti iko sawa, kilichobaki ni kufunga uhariri na hapo ndipo tumegawanyika vibaya: daraja la umri tuandike lipi.

Fomu ya chuo inataka tutaje daraja tunalolenga na tulitetee. Na tukimaliza tunataka kuipeleka kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, manake ile sheria ya filamu, Sura ya 222, haijali wewe ni mwanafunzi au ni kampuni kubwa, ukitaka kuonyesha kwa umma unahitaji cheti. Madaraja mnayajua: GE ya watu wote, PG ya mwongozo wa mzazi, halafu 16, halafu 18. GE tusahau kwa mada hii. 18 hakuna aneitaka. Kwa hivyo ni PG au 16.

Direkta wetu anataka 16. Kuna shoti moja aliipigania sana, kakake yule kijana yuko chooni anajidunga, kamera imekaa karibu, unaona kijiko, unaona sindano inaingia, unaona damu inarudi ndani ya bomba. Imepigwa vizuri kweli, mwanga umekaa, muigizaji ametulia, mimi nimeitazama mara nyingi pale mezani na bado roho inashtuka. Anasema hio ndio filamu yenyewe, ukiitoa umebaki na tangazo la serikali.

Mimi nataka PG na sababu yangu ni moja. Hii filamu inamhusu mtoto wa miaka 15, na wanaopaswa kuiona ni wa miaka 13, 14, 15, hao wanaopita maskani kila jioni wakitoka shule na wakitoka madrasa. Ukiandika 16 umewafungia mlango hao hao. Unabaki kuwaonyesha watu wazima ambao mugoka wanaijua na maisha yao walishaamua. Basi tuliipiga kwa ajili ya nani?

Naombeni mawazo, yale ya "fanyeni mnavyoona wenyewe" wekeni kando.

Pazia_Jekundu

Mimi niko na direkta wenu. Nafanya kazi ya kamera Nairobi, nimeona wanafunzi wengi wanaogopa bodi kabla bodi haijasema kitu, wanakata, wanakata, mwisho wanabaki na watu wawili wamekaa kwa sofa wanaambiana dawa za kulevya ni mbaya. Nani ataangalia hio?

Kijana wa Mombasa ameona mateja kwa macho yake, ameona mtu amelala mtaroni saa sita mchana. Hio sindano haitamfundisha kitu. Ukimfichia atajua unamficha na hapo ushampoteza, hatakuamini hata kwa yale mengine ya kweli uliyoyaweka. Iwekeni 16 na muitetee kifua mbele.

Ticha_Likoni

Nizungumze kama mwalimu. Filamu ikiletwa shule kitu cha kwanza mwalimu mkuu anauliza ni cheti. Haulizi imepigwa vipi wala nani ameigiza. Cheti kikisoma 16 na mimi ukumbini nina gredi ya 8 na ya 9, imeisha hapo, haiwekwi, na mimi sitamlaumu kwa sababu mzazi mmoja akija kulalamika ni yeye ataitwa ofisi ya elimu kujieleza.

Kwa hivyo Mkata_Picha mimi nakuunga mkono ila nina neno kuhusu hio PG. PG maana yake mzazi awepo amuongoze mtoto. Sasa ukumbini nina watoto 200, mzazi ni nani? Ni mimi peke yangu na mwalimu wa zamu. Mkiandika PG mjue mumenitwika mimi kazi ya wazazi wote wale, na taa zikiwaka watoto watauliza maswali. Nipeni basi karatasi ya maswali ya kujadili, ukurasa mmoja tu, na namba ya mahali mtoto anaweza kupelekwa akisaidiwa. Bila hio PG ni herufi mbili tu kwenye bango.

Binti_Leicester

Salaam ndugu zangu. Mimi nyumbani ni Mombasa lakini nimesomea huku Uingereza, na somo la media huku hii kazi ya kuchagua daraja tuliifanya kila tukitengeneza filamu, kwa hivyo nieleze kidogo wenzetu wanaiangaliaje.

Bodi ya huku ni BBFC, iko toka 1912. Ina U, PG, 12A, 15, 18. Kuhusu dawa za kulevya miongozo yao imepanda ngazi kwa ngazi. Kwenye PG dawa zikitajwa iwe ni kwa namna isiyo na madhara, ama iwe na ujumbe wa kuzipinga. 12A unaweza kuonyesha mtu anatumia lakini kwa uchache, isipambwe, na usitoe maelezo ya kufundisha namna ya kutumia. Kwenye 15 unaweza kuonyesha wazi zaidi ila filamu kwa jumla isiwe inahimiza. Mkiangalia vizuri mtaona mada ile ile moja imekaa kwenye madaraja matatu, kinachobadilika ni ukaribu wa kamera, mara ngapi, na mtazamaji anaachwa na hisia gani.

Sasa shoti yenu ya chooni kama ulivyoieleza, kijiko, sindano, damu, hayo ni maelezo ya hatua kwa hatua. Huku ingekuwa 15 moja kwa moja, na kama imekaa muda mrefu wangejadili zaidi.

Lakini kitu kinachonisumbua ni hiki. Huku kuna 12A katikati ya PG na 15, waliileta 2002. Marekani walikuwa na tatizo hilo hilo, PG halafu unaruka mpaka R (wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima), ndio 1984 wakaongeza PG-13. Afrika Kusini wana 13. Nigeria wana 12. Sisi Kenya tunatoka PG tunaruka mpaka 16, hapo katikati hakuna kitu, na hapo katikati ndipo walipo watoto mnaowazungumzia. Mtoto wa miaka 14 kwa madaraja yetu anahesabiwa pamoja na wa miaka 7. Ndio maana mnagombana, wala sio kwamba kuna mmoja wenu asiyeelewa kazi yake.

Pazia_Jekundu

Dada hapo kwa pengo umegonga ndipo. Hapo nakubali kabisa. Lakini suluhisho la pengo si kupunguza filamu iingie PG, suluhisho ni kuambia bodi waongeze daraja.

Mkata_Picha

Sawa kaka, na barua mimi niko tayari kuisaini, lakini filamu inafungwa mwezi huu. Nikisubiri daraja jipya huyu mtoto wa gredi ya 9 atakuwa ashaoa.

Mtoto_wa_Ilala

Wakuu naomba niingie kutoka Dar. Kuna jambo hamjaligusa. Filamu ikivuka mpaka je? Huku kwetu mirungi, yaani hiyo miraa, ni dawa za kulevya kisheria, sheria ya 2015 imeitaja kabisa, mtu anakamatwa nayo anafungwa. Kwenu inauzwa barabarani mchana. Kwa hiyo ile sehemu ya maskani ambayo nyie mnaiona ya kawaida, Bodi ya Filamu huku itaiangalia kama vijana wanatumia dawa za kulevya waziwazi, na mtoto mdogo yumo. Na huku kama unapiga picha hapa hapa wanataka waone mswada kabla, siyo filamu tu ikishakamilika.

Nasema hivyo kwa sababu mmesema mnataka kuipeleka kwenye matamasha. Muangalie na nchi inakokwenda.

Binti_Leicester

Kweli kabisa, na huku ni hivyo hivyo, miraa ilipigwa marufuku Uingereza Juni 2014. Kabla ya hapo ilikuwa inaingia kwa ndege kila wiki, wazee wanatafuna sebuleni bila shida yoyote. Mtu anaeainisha filamu yenu huku leo atahesabu kila jani kama utumiaji wa dawa haramu.

Mkata_Picha

Hapa mumenipa kazi. Kwetu hata sisi si kawaida vile, mnakumbuka Mei 2024 kaunti ilivyopiga marufuku mugoka isiingie Mombasa, halafu mahakama kuu ya Embu ikasimamisha ile amri, kwa hivyo kisheria ni zao la biashara na mtaani ni kilio cha akina mama. Filamu imepigwa katikati ya huo mzozo. Ndio maana tuliitengeneza.

Mama_Kisauni

Wanangu mimi ni mzazi, mambo ya kamera siyajui ila nimesoma yote mulioandika toka juu na nna swali. Munaizungumza sindano tu, sindano, sindano. Hio sehemu ya maskani munayosema, imekaaje? Mwanangu alipoanza hakuanza na sindano. Alianza na kicheko.

Mkata_Picha

Mama shikamoo. Imekaa hivi: ni jioni, vijana watano kwenye kibao nje ya duka, kuna muziki, wanapiga soga, wanataniana, yule kijana wetu anakuja na begi la shule, mmoja anampa majani kidogo, anamuonyesha aweke na Big G, ile chingamu, ili uchungu usimshinde, halafu njugu, wanacheka anavyokunja uso, kisha na yeye anacheka. Inakaa kama dakika mbili na nusu. Rangi ni za jua la jioni. Watu wote waliotazama wanaisifu, wanasema hapo ndipo wamempenda yule kijana.

Mama_Kisauni

Marahaba mwanangu. Basi hio ndio inayonitia hofu mimi. Sindano mtoto ataiona ataogopa, atafumba macho, hakuna mtoto anaetaka kuwa yule mtu wa chooni. Lakini hapo kwenye kibao kila mtoto atataka kukaa. Na mumemuonyesha na cha kuchanganyia.

Ticha_Likoni

Mama umesema neno zito sana. Nimefundisha miaka mingi na hivyo ndivyo ilivyo, watoto wangu hawaingizwi na kitu kibaya, wanaingizwa na watu wanaowachekea vizuri.

Binti_Leicester

Mama umeeleza kitu ambacho huku kina jina lake kwenye miongozo, tabia inayoweza kuigwa. Bodi inauliza, mtoto akitoka hapa anaweza kufanya nini kesho asubuhi ambacho jana hakukijua? Heroini kesho asubuhi hataipata kirahisi. Mugoka na Big G anaipata dukani kwa chenji ya nauli.

Mkata_Picha

Nimeziacha meseji zenu usiku kucha, leo tumekaa na direkta na tumeangalia upya yote mwanzo mwisho tukiwa na swali la mama kichwani. Niwaambie tulipofika.

Kwanza ile ya maskani. Kicheko kinabaki. Tulijaribu kuikata iwe ya huzuni, tukaweka muziki mzito chini, ikawa uongo mtupu, mtoto yeyote wa mtaani atajua kule hakukai hivyo. Furaha ni ya kweli na ndio mtego, ukiitoa umemuondolea mtazamaji sababu ya kuelewa kwa nini mtu aliingia. Kinachotoka ni darasa. Mkono unaoonyesha namna ya kuchanganya umetoka, Big G imetoka, bei iliyokuwa inatajwa imetoka. Tunabaki usoni kwa kijana tu na sauti za wenzake. Halafu tumeirefusha mwisho wake, manake tulikuwa na picha ambayo hatukuitumia, wenzake wameondoka mmoja mmoja, magharibi imeadhiniwa, yeye bado yuko pale anatafuna peke yake taya halimpumziki na usingizi hana. Ile ile furaha unaiona inaisha bila mtu kusema kitu. Naona inafanya kazi kuliko hotuba yoyote.

Pili chooni. Hapa tuligombana tena. Direkta alisema ukiitoa shoti umeitoa filamu, na mimi nikamuuliza unataka mtazamaji aone sindano ama aone ndugu? Tukairudisha kwenye mlango. Kumbuka kijana mdogo yuko nje anagonga, anataka kuoga aende shule. Kwa hivyo tumekaa na yeye. Unasikia maji ya ndoo, unasikia kijiko kinaanguka sakafuni, unasikia kimya, na yule mdogo bado anagonga anaita "Bro Ali, nachelewa". Sindano haipo kwenye filamu kabisa. Direkta aliitazama, akanyamaza, akasema hii inauma zaidi. Sikumshurutisha, walikuwepo wenzetu wote.

Tatu matusi. Kulikuwa na tusi moja la mama, mnayajua ya kwetu, na kwa PG halipiti hata ufanyeje. Tumelipitisha honi ya tuktuk. Mdomo unauona unaenda, kila mtu wa Mombasa atajua limesemwa nini.

Kwa hivyo tunaandika PG, na kwenye utetezi tunaeleza onyesho kwa onyesho.

Pazia_Jekundu

Hio ya mlango ni nzuri, nasema kutoka moyoni, na mimi ni mtu wa kamera napenda kuonyesha. Lakini niulize, mbona msifanye mbili? Moja ya 16 na shoti yenu yote iende matamasha, nyingine ya PG iende mashule. Watu wanafanya.

Binti_Leicester

Inawezekana lakini huku kila toleo linahesabiwa filamu yake, linaainishwa kivyake na unalipia kivyake. Kwa wanafunzi ni mzigo. Na jina likiwa moja ipo siku mtu atachukua faili la 16 atalipeleka kwa watoto wa gredi ya 8 akidhani ni lile lile.

Mkata_Picha

Tumeliangalia hilo na tumeamua toleo ni moja. Sababu sio pesa peke yake. Tukiwa na mbili, ile ya shule itakuwa ndio "iliyopunguzwa" na sisi wenyewe tutaanza kuiona kama nusu filamu. Mimi nataka hii ya watoto ndio iwe filamu yetu bora, hio ndio niipeleke kwenye tamasha nikiwa nimesimama wima.

Mtoto_wa_Ilala

Mkuu swali moja. Huyo dogo aliyeigiza ana miaka mingapi kweli? Na alitafuna nini?

Mkata_Picha

Ana miaka 15 kweli. Alitafuna mchicha, mama yake alikuwa amekaa pale pale nyuma ya kamera siku zote za maskani na ndie aliesaini ruhusa. Sheria ya Watoto ya 2022 iko wazi kwamba mtoto analindwa na dawa za kulevya, kwa hivyo hata hao wazima waliokaa nae kwenye kibao tuliwapa mchicha, hakuna jani la mugoka lililofika pale. Na hilo tumeliandika kwenye karatasi za bodi, manake wakiona mtoto anatafuna swali la kwanza litakuwa hilo lako.

Na kitu kingine kwa wanafunzi wenzangu watakaosoma: kwenye bango msibandike alama ya bodi yoyote kabla hamjapewa. Nimeona mabango ya wanafunzi yana alama ya 15 ya BBFC kwa sababu wameitoa mtandaoni inapendeza. Alama zile zina mwenyewe. Andikeni tu "daraja tunalopendekeza" kwenye ripoti, bango liache wazi mpaka cheti kitoke, na bango lenyewe pia linapitishwa na bodi.

Binti_Leicester

Na YouTube? Manake najua mtaiweka.

Mkata_Picha

Tutaiweka baada ya cheti. Ile alama ya "imetengenezwa kwa ajili ya watoto" hatuiweki, hio ni ya katuni na nyimbo za wadogo kabisa, hii si yake. Na kufungia watu chini ya miaka 18 pia hatufungii, manake ukifungia mtu lazima aingie na akaunti inayoonyesha ni mtu mzima na huwezi kuipachika kwenye tovuti nyingine ikacheza, tutakuwa tumefanya yale yale ya sindano kwa mlango mwengine. Kama shoti ya chooni ingebaki nadhani wangeifungia wenyewe hata bila sisi kuomba.

TV nako tumeona faida. Mpaka saa nne usiku vituo haviruhusiwi kuweka vipindi vya watu wazima, kwa hivyo filamu ya PG inaweza kuwekwa saa mbili usiku familia iko sebuleni imekula.

Ticha_Likoni

Karatasi yangu ya maswali je? Usinisahau.

Mkata_Picha

Ticha sijakusahau, tunaiandika sasa. Mama Kisauni nilikuwa nataka kukuomba, kama huoni vibaya, utusaidie maswali mawili matatu ya upande wa mzazi. Sisi tunajua ya kumuuliza mtoto, ya kumuuliza mzazi hatuyajui.

Mama_Kisauni

Sioni vibaya mwanangu. La kwanza andika hili: mtoto wako akichelewa kurudi jioni, unajua jina la alie kaa nae? Jina la baba yake unalijua? Mengine ntakutumia kesho nikitoka sokoni.